Toleo la Pili Halina Mfadhili

Kila baada ya muda huibuka habari ya kijana aliyetengeneza helikopta. Nchi hubadilika, jina hubadilika, habari ni ileile: kijana amesimama mbele ya chombo cha mabomba na mabati, injini imetoka kwenye pikipiki au gari lililokufa, viti viwili, usukani, rangi mpya. Tunaelezwa kazi imemchukua miezi mingapi, wazazi walimwonaje mwanzoni, na kwamba anaomba serikali na wafadhili wamshike mkono. Kiongozi mmoja anaahidi. Helikopta haijaruka, na baada ya wiki chache hakuna anayeiulizia. Aliyeandika habari hakuuliza chombo kina kilo ngapi wala injini inatoa nguvu farasi ngapi.

Maswali hayo mawili yangetosha kufungua somo zima. Robinson R22, moja ya helikopta ndogo zinazojulikana zaidi duniani, hupaa na uzito usiozidi kilo 622 pamoja na watu na mafuta, na injini yake imewekewa kikomo cha nguvu farasi 124 hivi kwa safari ya kawaida. Gawanya: kila nguvu farasi moja inabeba kama kilo 5. Injini ya pikipiki ya cc 125 hutoa nguvu farasi 10 hivi. Kwa kipimo hicho itanyanyua kilo 50, na hapo hatujapima bomba hata moja. Rubani mwenyewe huenda ameshavuka hizo kilo. Hesabu hii anaiweza mwanafunzi wa shule ya msingi.

Ni makadirio tu, na utamu wake uko hapo, kwa sababu kijana mkaidi atauliza: nikirefusha pangaboi je? Jibu ni kwamba atakuwa ameuliza swali la kihandisi. Pangaboi refu husukuma hewa nyingi kwa mwendo wa taratibu, na kazi hiyo hula nguvu kidogo kuliko kusukuma hewa kidogo kwa kasi kubwa. Mwaka 2013 kikundi cha AeroVelo cha Kanada kilipaisha chombo kiitwacho Atlas kwa miguu ya mtu mmoja aliyekuwa akikanyaga pedeli. Kilipanda mita 3.3, kikakaa hewani sekunde 64, kikachukua tuzo ya Sikorsky, ya helikopta inayopaa kwa nguvu za mtu, iliyokuwa ikisubiri mshindi tangu mwaka 1980. Kilikuwa na mapangaboi manne yenye kipenyo cha mita 20 hivi kila moja, na chombo kizima kilikuwa chepesi kuliko watu wazima wengi. Kwa macho hakifanani na helikopta yoyote uliyowahi kuiona, na hakuna mpiga picha ambaye angekipanga ukurasa wa mbele kama kingekuwa kimeegeshwa uani kwa mtu.

Simcheki kijana wa mabomba na mabati. Kulehemu fremu ile, kutafuta injini, kuunganisha giya, yote hayo ni ufundi, na anayeweza kuyafanya bila karakana ya maana ana kichwa na mikono. Ugomvi wangu ni na sisi tunaompigia makofi. Tumezoea kuwatuza vijana kwa toleo la kwanza la kazi yao, tena siku linapong'aa kabla ya kujaribiwa, kisha tunahamia kwa mwingine. Uvumbuzi wenyewe huanza baada ya hapo, kitu kinapokataa kufanya kazi na mwenyewe akalazimika kujua kwa nini. Sehemu hiyo haina shindano, haina cheti, na aghalabu haina hata mahali pa kuifanyia.

Angalia kisa cha Richard Turere. Alikulia kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, upande ambao hauna uzio, na simba walikuwa wakivuka usiku kuja kula ng'ombe wa familia yake. Kuwalinda ng'ombe ilikuwa kazi yake akiwa bado mtoto. Kwanza alijaribu moto, akiamini simba wanauogopa. Moto ukawasaidia simba kuona vizuri zaidi ndani ya zizi. Akasimamisha sanamu ya mtu. Usiku wa kwanza simba wakaiona, wakaondoka. Usiku wa pili wakaja tena, wakagundua kitu hiki hakisogei, wakaruka, wakaua. Kisha usiku mmoja akawa anazunguka zizi na tochi mkononi, na simba hawakuja. Hapo akapata alichokuwa anakitafuta: simba wanaogopa mwanga unaotembea. Akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ndogo ya sola ya kuichaji, kifaa kinachowasha na kuzima taa za indiketa za pikipiki, na balbu za tochi mbovu. Akazipanga kuzunguka zizi zikitazama nje, ziwe zinamulika kwa zamu kama vile mtu anatembea. Alikuwa na miaka 11.

Rudi kwenye ile sanamu. Usiku wa kwanza ilifanya kazi. Kama maonyesho ya wanasayansi chipukizi yangeangukia kesho yake asubuhi, ingepata cheti: ni rahisi, haihitaji umeme, inatumia vifaa vilivyopo, haina madhara kwa mnyama. Waamuzi wangeandika sifa zote hizo na zingekuwa za kweli. Kilichoiangusha ni usiku wa pili, na maonyesho yetu yamepangwa yasiwe na usiku wa pili. Kijana huleta kitu mezani, hukiwasha mara moja mbele ya wageni, kikiwaka basi.

Katika kisa hichohicho kuna jambo lingine ambalo Turere mwenyewe amelisimulia hadharani: kabla ya taa za simba aliifungua redio mpya ya mama yake, akaiharibu, na mama nusura amtoe roho. Ndiko alikojifunzia mambo ya umeme. Wapo wengi wenye kisa kama hicho. Lakini ili kisa kitokee, redio lazima iwe inafunguka.

Vitu tunavyowazungushia vijana siku hizi havifunguki. Simu imebandikwa gundi, betri imebandikwa gundi juu ya gundi, skrubu zina vichwa ambavyo bisibisi ya kawaida haivijui, na ukifika ndani unakutana na kibao kimoja kilichobeba kila kitu. Sehemu ya hayo ina sababu zake. Kuzuia maji kuingia kunahitaji kuziba, na wembamba una gharama. Sehemu nyingine ni biashara tu. Umoja wa Ulaya umelitungia sheria: kanuni yake ya betri ya mwaka 2023 inataka kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vinavyobebeka ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa kwa vifaa vichache vilivyosamehewa. Iliandikwa kwa ajili ya mazingira na mfuko wa mnunuzi. Mimi naitazama kama sheria ya elimu, maana mtoto anayeweza kufungua kifuniko cha betri ataangalia na kilichopo pembeni yake.

Hapa lazima niseme la usalama, kwa sababu kauli ya "waacheni wafungue vitu" ikisemwa kiholela itaua mtu. Oveni ya maikrowevu haifunguliwi na mwanafunzi hata ikiwa imechomolewa: kapasita yake, kifaa cha ndani kinachohifadhi umeme, inaweza kubaki na chaji ya volti zaidi ya elfu mbili. Betri ya lithiamu iliyovimba haitobolewi wala haipindwi. Kitu chochote kinachochomekwa ukutani kisubiri mpaka awepo fundi wa kusimama karibu. Vinavyobaki ni vingi: midoli yenye mota, tochi, saa, redio ya betri kavu, feni ya kompyuta, taipureta, cherehani, kufuli, baiskeli. Miwani ya kukinga macho ni rahisi kuliko jicho.

Sasa nije kwenye usanifu, kwa sababu ndilo pengo kubwa kuliko yote. Tunao mafundi vijana, na tunao wanafunzi wa sayansi. Katikati kunahitajika mtu anayeweza kukaa kabla ya kukata, akaamua kitu kiwe na umbo gani na kwa nini, kisha akatetea uamuzi wake. Hilo halifundishwi kwa hotuba.

Mwaka 1974 msanifu wa Kiitalia Enzo Mari alichapisha michoro ya samani 19 za kujitengenezea mwenyewe: meza, viti, vitanda, makabati. Vifaa ni mbao za kawaida zilizokatwa kwa urefu fulani, nyundo na misumari. Yeyote aliyegharamia posta alitumiwa michoro. Sharti lilikuwa moja, kwamba viwanda na wafanyabiashara wasiitumie. Aliwaomba waliotengeneza wamtumie picha, hasa wale waliobadilisha kitu. Wengi waliichukulia kama njia ya kupata samani za bei nafuu. Yeye alikuwa akilenga akili ya anayepigilia msumari: mtu aliyewahi kutengeneza kiti hatakitazama kiti cha dukani kwa macho yaleyale.

Chukua meza. Ubao wa juu, miguu minne, misumari. Isukume kutokea ubavuni. Inayumba, na ukiendelea italala, ingawa hakuna ubao uliovunjika wala kupungua urefu. Ni pembe tu zilizofunguka. Wanafunzi wengi hapa huongeza misumari. Yumba inapungua kidogo, kisha inarudi misumari inapolegea. Mwingine ataongeza ubao wa kulala chini, kati ya mguu na mguu, na meza itaendelea kuyumba kwa sababu ameongeza umbo lingine la pembe nne. Mwache. Usimwambie. Baada ya muda kuna mmoja atashika ubao kimshazari, aupigilie kutoka chini ya mguu mmoja hadi juu ya mwingine, na meza itakataa kusogea. Pembetatu haibadiliki umbo mpaka upande wake mmoja urefuke, ufupike au ukatike. Michoro ya Mari imejaa mbao hizo za mshazari, nyingine mahali ambapo macho hayazipendi, na ukiitengeneza meza mwenyewe unajua kila moja inafanya nini. Kijana aliyepita hapo anaanza kuziona pembetatu kwenye minara ya umeme, kwenye kenchi za paa, kwenye fremu ya baiskeli aliyokuwa akiiendesha miaka yote.

Linganisha na kile kinachonunuliwa kwa wingi mashuleni sasa, yaani seti za roboti. Sanduku lina vipande vyote, kijitabu kina hatua zilizopangwa kwa namba, na jioni wanafunzi thelathini wana roboti thelathini zinazofuata mstari mweusi sakafuni. Zina faida yake siku ya kwanza, zinaondoa woga. Lakini hakuna aliyeamua kitu. Ukimuuliza mtoto kwa nini gurudumu la mbele ni moja na si mawili, atakuonyesha ukurasa. Kibao cha Arduino, yaani kompyuta ndogo ya kuendeshea mota na taa, kilichoanza mwaka 2005 mjini Ivrea, Italia, kilibuniwa kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu ambao hawakuwa wahandisi wa elektroniki, ili wachomeke, wakosee, wachomeke tena, na michoro yake iliachwa wazi kwa yeyote kuinakili. Inasikitisha kukikuta leo ndani ya sanduku lenye jibu moja.

Kwenye kompyuta vijana wamekwenda mbali zaidi, na sababu yake inafaa kuangaliwa. Seymour Papert, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeshiriki kuunda lugha ya programu ya Logo mwaka 1967, aliliona mapema: mtoto anayeandika programu hapati "vema" au "kosa", anapata programu isiyofanya anachotaka, na kazi yake ni kutafuta hitilafu iko wapi. Kujaribu tena ni bure. Anafuta mstari, anaandika mwingine. Kwenye mbao, bati na waya kila jaribio lina gharama yake, na ubao uliokatwa fupi haurefuki. Kwa hiyo mwenye nia ya kweli ya kuwasaidia vijana wanaotengeneza vitu vya kushikika angeelekeza pesa kwenye vile vinavyoharibika: mbao, skrubu, waya, lehemu, misumeno midogo, kadibodi kwa mafurushi. Mambo huenda kinyume. Kila mfadhili anataka kununua printa ya pande tatu, hakuna anayetaka kununua skrubu. Printa yenyewe ni chombo bora cha kutengeneza toleo la pili na la tatu, kama kuna plastiki ya kuilisha na kama ufunguo wa chumba hauko mfukoni mwa mtu aliyekwenda likizo.

Kuna pia hii tabia ya kumsimulia mvumbuzi kijana kama aliyeshuka peke yake kutoka mbinguni. William Kamkwamba wa Malawi ndiye mfano unaotajwa zaidi: aliacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya 2001 na 2002, akajenga kinu cha upepo kwa vyuma chakavu, nyumba ikapata taa. Yote kweli. Ila ukikitazama kisa kwa karibu, kulikuwa na maktaba ndogo yenye kitabu chenye michoro, ambayo aliifuata kuliko maneno kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa bado kidogo. Kulikuwa na jalala la vyuma ambako alipata feni ya trekta. Kulikuwa na rafiki aliyemnunulia dainamo ya baiskeli. Na kulikuwa na matoleo: mapanga matatu yakawa manne ili kuongeza nguvu, mnara wa mita 5 ukafuatiwa na wa mita 12 ili kuufikia upepo mzuri zaidi. Nyaya zilipohatarisha nyumba alitengeneza kikata umeme kwa misumari, waya na sumaku. Hicho kikata umeme hakionekani kwenye picha maarufu, na kwangu ndicho kinachomthibitisha kuwa msanifu. Alikuwa amefika kwenye swali la "kikiharibika, kitaharibikaje?"

Tukikubali hilo, basi mahitaji ya kijana yanahesabika. Mahali penye meza imara na jiliwa. Vitu vya kubomoa. Mtu mzima anayejua kuuliza "kwa nini hapa umetumia msumari?" bila kukimbilia kumsahihisha. Ruhusa ya kufanyia kazi wazo la mwingine. Hili la mwisho hupuuzwa kwa sababu tunawaambia vijana walete kitu "ambacho hakijawahi kuonekana". Louis Braille, aliyebuni maandishi ya vipofu ya kusomwa kwa vidole, hakuanza na karatasi tupu. Charles Barbier alikuwa na mfumo wa nukta zilizoinuka, hadi 12 kwa alama moja, na kidole hakikuweza kuzigusa zote kwa pamoja. Braille, aliyekuwa kipofu na aliyeujaribu mfumo huo kwa vidole vyake mwenyewe, alizipunguza hadi 6. Ilikuwa mwaka 1824, naye alikuwa na miaka 15. Kwenye mashindano mengi ya leo angeulizwa kama si uigaji.

La hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya alichobuni, nalipitia kwa haraka, kwa kuwa wengi wa vijana hawa hawaihitaji bado, ila wakiihitaji makofi yetu huwaharibia. Nchi nyingi hazitoi hataza kwa kitu kilichoshaonyeshwa hadharani kabla ya maombi kuwasilishwa. Marekani humpa mvumbuzi nafasi ya mwaka mmoja. Mwalimu anayemsukuma mwanafunzi mbele ya kamera kabla ya kuuliza hilo amemfungia mlango bila kujua. Kinga rahisi ni daftari lenye tarehe, michoro na saini ya shahidi. Philo Farnsworth alimchorea mwalimu wake wa kemia, Justin Tolman, wazo la televisheni ya kielektroniki mwaka 1922, akiwa na miaka 15. Alipokuja kubishana na kampuni ya RCA juu ya nani alitangulia, Tolman aliitwa kutoa ushahidi juu ya mchoro ule, na katikati ya miaka ya 1930 ofisi ya hataza ya Marekani iliamua upande wa Farnsworth. Na kwa vile hataza hudumu miaka 20 tangu maombi, mamilioni zilizokwisha muda ziko wazi mtandaoni, kila moja na michoro na maelezo ya jinsi kitu kinavyofanya kazi. Sijui kwa nini hazitumiki kama vitabu vya kiada.

Kubadilisha mitaala ni safari ndefu. Fomu ya waamuzi inaweza kubadilishwa wiki hii. Iondolewe alama ya "mwonekano". Iwekwe ya kueleza hili ni toleo la ngapi na lililotangulia lilishindwa wapi, na masalia yake yaletwe mezani yakiwa yamevunjika hivyohivyo. Kitu kiwashwe mara kumi mbele ya mwamuzi, si mara moja. Kwenye jopo wawemo mafundi, watu wa kulehemu na kushona na kutengeneza redio, kwa sababu ndio watakaogundua kwa dakika mbili kama baba ndiye aliyeshika msumeno. Na zawadi igawanywe: nusu itolewe siku ya maonyesho, nusu ingoje miezi sita hadi kijana arudi na toleo jipya, hata kama nalo limeshindwa, ilmradi limeshindwa kwa sababu nyingine.

Pingamizi ninalolisikia kwa waandaaji ni kwamba hakuna pesa za kufuatilia. Kufuatilia kunakozungumzwa ni karani mmoja mwenye orodha ya majina na simu, ampigie kila mshiriki mwezi wa pili na wa nne amuulize amekwama wapi, kisha amtafutie skrubu au fundi. Bajeti za shughuli hizi zina fungu la fulana, la mapambo ya jukwaa na la posho ya mgeni rasmi. Fungu la fulana peke yake lingemlipa huyo karani.